Kijana anapokwenda kubeba zege

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, matokeo hutoka Januari. Katikati hapo nyumba nyingi za Mwanga, Gungu na Ujiji zina kijana aliyekaa bure, na mtaa wa pili kuna mtu anajenga. Fundi anatafuta saidia fundi, kijana anatafuta hela ya simu, mama anaona afadhali huko kuliko kijiweni. Si vibaya. Ila miezi hiyo ndiyo ya mvua Kigoma.

Ikitajwa ajali ya ujenzi, wengi hufikiria ghorofa, kama lile la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililoporomoka Machi 29, 2013 na kuua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Lakini nyumba ya vyumba vitatu nayo inaua, na shimo la choo ndilo la kuogopwa zaidi. Udongo wa mita moja ya ujazo una uzito wa tani moja na nusu hivi, ukiloa unazidi. Mtu akifukiwa hadi kifuani, hata kichwa kikiwa nje, anaweza kushindwa kupumua. Udongo uliochimbuliwa umerundikwa ukingoni, mvua ya usiku imelegeza kuta, asubuhi kijana anashushwa kwa kamba akamalizie. Hatari ni hiyo hiyo pale msingi unapokatwa kwenye mteremko wa kuelekea ziwani, ukuta wa udongo umesimama nyuma ya mgongo wa mchimbaji.

Halafu jukwaa. Mirunda imechoka, misumari imenyooshwa kwa nyundo itumike tena, kwa sababu mwenye nyumba anabana matumizi. Lawama zisimwangukie fundi peke yake. Anayekataa kununua mbao ni mwingine. Fundi anayelipwa kwa kipande naye anakimbizana na siku, anang'oa mirunda wakati zege, ambalo huhesabiwa siku 28 kukomaa, halijafikisha hata wiki mbili. Anayepita chini yake na karai kichwani amevaa ndala.

Na njaa, ambayo haitajwi sana. Kijana hakunywa chai, saa sita jua limewaka, kizunguzungu kinamkuta ngazini. Hilo mama analimaliza kwa uji na mihogo kabla hajatoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi ya hatari, na wengi wanaomaliza kidato cha nne wana 16 au 17. Huyo asishuke shimoni wala asipande juu. Kumwagilia matofali kunamtosha.

Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, anaouchangia mwajiri peke yake, na dai hupelekwa ndani ya miezi 12. Tatizo ni kwamba kibarua wa mtaani jina lake halijaandikwa popote. Akivunjika mguu anakimbizwa Maweni, na gharama zinabaki kwa baba yake.

Kwa hiyo baba atangulie saiti siku moja kabla. Amsalimu fundi, achungulie shimo, aulize mwajiri ni nani hasa na mtu akiumia nani anamtibu, achukue namba za simu za wote wawili. Fundi akikasirishwa na maswali hayo, kijana abaki nyumbani hadi ipatikane saiti nyingine.