Josho halijengwi kwa malalamiko
Wakulima wenzangu, kila wiki napigiwa simu: "Afisa, josho limekauka, chanjo iko wapi?" Nami nauliza, kikao cha bajeti ulifika? Kimya.

Tangu Katiba ya 2010, kudhibiti magonjwa ya mifugo, minada na vichinjio ni kazi ya kaunti. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukingoja Agosti ndio ulalamike, pesa zishapangwa.

Kikao nilichohudhuria mwisho, wazee waliomba barabara, ikaandikwa. Nyinyi wa maziwa hamkuwepo, josho halikutajwa. Mimi ni mwajiriwa tu, siwezi kuwaombea. Nenda kwa msimamizi wa wadi, uliza tarehe, pelekeni ombi kwa maandishi. Asiyefika asimlaumu afisa.