Kisangani na filamu ya Wakanda: wakubwa wakipatana, nani anawalipa raia?

Filamu ya Marekani Wakanda Forever, iliyotoka Novemba 2022 kama mwendelezo wa Black Panther, inagusa kidonda cha Kisangani: vita vya wawili ambapo kila mmoja ana sababu yake.

Namor, mfalme wa ufalme uliofichwa chini ya bahari, anataka kumuua mwanafunzi aliyebuni mashine ya kutafuta madini ya vibranium, ili watu wake wasivamiwe. Wakanda inamlinda mwanafunzi huyo. Namor analeta mafuriko mjini. Raia wanakufa, na Malkia Ramonda pia. Mwishoni Shuri, binti wa malkia, anamshinda Namor lakini anamwacha hai. Wakubwa wanapatana. Waliofiwa hawaulizwi kitu.

Kisangani, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga ndani ya mji. Mamia ya raia waliuawa. Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Kuhusu Rwanda, mahakama hiyo ilikuwa imesema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza kesi.

Shuri alifanya vizuri kusimamisha vita. Lakini msamaha wake haufuti deni la wengine. Kisangani, FRIVAO, mfuko wa kuwalipa wahanga, ulianzishwa kwa sababu hiyo: amani ya majemadari haimlipi aliyezika watoto wake.