Ajali Ina Kinga, na Kinga Yenyewe ni Kamba

Jumamosi iliyopita nilikaa chini ya turubai msibani, huku Goba, Dar es Salaam, nikamsikiliza mchungaji akimsingizia Mungu.

Marehemu alikuwa fundi wa kupaua, miaka 34. Asubuhi mapema, bati likiwa bado na umande, mguu uliteleza akiwa karibu na kilele cha paa, akaserereka mpaka ukingoni na kuangukia rundo la matofali. Ameacha mke na watoto watatu. Mchungaji alisimama akasema siku yake ilikuwa imefika, na siku ikifika hakuna wa kuizuia. Tukaitikia amina. Akafuata msemaji wa familia na ile kauli tunayorithishana misibani: ndugu zangu, ajali haina kinga. Vichwa vikatikisika safu kwa safu. Mwenye nyumba inayojengwa alikuwa safu ya pili, ameshatoa rambirambi yake, na yeye alitikisa kichwa kuliko wote.

Sikuitikia, na nilirudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijashuka.

Ajali haina kinga! Kuna ajali zisizo na kinga, sikatai. Radi ikikupiga ukiwa shambani nitakaa kimya nilie. Lakini kuanguka kutoka juu ya paa kuna kinga inayojulikana, inayoshikika kwa mkono, inayouzwa Kariakoo mchana kweupe. Ni mkanda wa usalama wa mwili mzima, unaopita mabegani, kifuani na mapajani. Ni kamba yenye kifyonza mshtuko. Na ni mahali imara pa kuifungia kamba hiyo. Vyote kwa jumla havifiki bei ya mlango mmoja wa mninga. Mwenye nyumba yule ameagiza milango sita ya mninga. Najua, kwa sababu ni jirani yangu na alinionyesha picha zake kwenye simu.

Mchungaji anasoma Biblia ile ile ninayosoma mimi. Basi na afungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Pale anayejenga nyumba mpya anaagizwa alizungushie paa lake ukingo, kwa sababu mtu akianguka kutoka juu, damu yake itadaiwa nyumba hiyo. Mapaa ya nchi ile yalikuwa bapa na watu waliyatembelea, na hata hivyo torati haikusema siku ikifika imefika. Ilisema damu ina wa kudaiwa. Kisha afungue Mathayo sura ya 4. Ibilisi anampandisha Yesu juu ya hekalu na kumwambia ajitupe, malaika watamdaka. Yesu anakataa, kwa kuwa huko ni kumjaribu Mungu. Kila fundi anayepandishwa juu bila kamba na kuambiwa Mungu atamlinda anapandishwa kwa hoja ile ile ya Ibilisi. Na Waislamu nao wanayo hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kufunga kumetangulia.

Kwa hiyo dini haimo katika kauli hii, tuitoe. Kilichomo ni nafuu ya walio hai. Ukisema siku yake ilifika, hakuna wa kuulizwa. Mwenye nyumba hakukosa, fundi mkuu hakukosa, mhandisi aliyepita mara moja na kofia yake nyeupe hakukosa. Deni lote limehamishiwa mbinguni, na mbinguni hakuna anayekuja kubisha mlango wako kudai. Mungu hakuipaua nyumba ile. Watu ndio walioipaua, na watu ndio waliompandisha kijana kwenye bati lenye umande akiwa na ndala.

Wengine wataniambia, na wameshaniambia, kwamba fundi mzoefu haanguki. Nyumba ya kawaida kilele chake kiko mita 5 hivi kutoka ardhini. Mtu akianguka mita 5 anafika chini kwa sekunde moja, akiwa na mwendo wa kilomita 35 kwa saa. Ndani ya sekunde moja hiyo, uzoefu wa miaka 20 utafanya kazi gani? Uzoefu unamfundisha fundi kupigilia msumari bila kupinda na kuona kwa jicho kwamba kenchi imekaa mshazari. Haumfundishi kuruka. Tena mzoefu ndiye anayepanda asubuhi bila kungoja umande ukauke, kwa kuwa amefanya hivyo mara elfu na hakuanguka.

Wapo pia wanaosema babu zetu walipaua bila mikanda. Hoja hii nimeisikia kutoka kwa mtu mwenye shahada mbili. Babu zetu walipaua kwa makuti, nyumba ambayo ukisimama uani na kunyoosha mkono unashika upenu! Ukiteleza ulitua kwenye mchanga, watoto wakacheka, ukapanda tena. Wewe umejenga ghorofa, chini umemwaga zege na kupanga matofali, halafu unamtaja babu. Babu hakuwa mjinga hivyo. Mwache apumzike.

Mjini San Francisco, walipojenga daraja la Golden Gate kati ya 1933 na 1937, makandarasi wa Marekani walikuwa na imani yao kama hii yetu. Waliamini kwamba kila dola milioni ya ujenzi lazima imle mtu mmoja. Kifo hicho kilihesabiwa kama gharama ya saruji. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, akaamuru wavu utandazwe chini ya daraja. Wanaume 19 walianguka wakadakwa na wavu ule wakabaki hai. Niambieni, wale 19 siku zao hazikuwa zimefika? Zilifika, zikakuta wavu.

Wala sina haja ya kwenda Marekani. Kijana anayepanda mnara wa simu hapa Dar es Salaam hujifunga mkanda, ana kamba mbili, akifungua moja nyingine imeshika. Fundi wa laini za umeme hupanda nguzo akiwa amejifunga. Hakuna anayewaita waoga, wala anayewaambia wanamkosea Mungu imani. Lakini akipata kibarua cha kupaua mwisho wa wiki, kijana huyo huyo atapanda mikono mitupu, kwa sababu kwenye mnara kuna msimamizi atakayemfukuza kazi na kwenye paa lako upo wewe, unayemhimiza amalize kabla ya mvua.

Nami sikuwa bora mwanzoni, niseme wazi. Nilipopaua nyumba yangu niliwanunulia mafundi mikanda nikadhani nimemaliza. Siku ya tatu nikaangalia juu. Wote wamevaa, wamependeza, na hakuna mmoja aliyefungwa popote. Kamba zinaning'inia nyuma kama mikia. Nikamwita fundi mkuu ashuke.

"Mama, mkanda si huu hapa nimeuvaa?"

"Umeuvaa, baba. Umeufunga wapi?"

"Kwenye papi, mama. Nikihama nafungua."

Kwenye papi! Ubao wa inchi mbili kwa mbili ulioshikwa na misumari miwili, ambao hata mtoto akining'inia kwa nguvu ataung'oa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mkanda peke yake ni vazi tu. Kinachookoa ni pale ulipofungwa. Kipimo cha Ulaya kinataka mahali pa kufungia pahimili kilonewton 12, sawa na kuning'iniza mzigo wa zaidi ya tani moja, na Marekani wanadai pauni 5,000 kwa kila mtu, zaidi ya kilo 2,200. Si kwamba fundi ana uzito huo. Ni kwamba mwili unaoanguka ukisimamishwa ghafla huvuta kwa nguvu kubwa kuliko uzito wake mara nyingi, na ndiyo maana ya kile kifyonza mshtuko, na ndiyo maana ya kukataa mkanda wa kiunoni peke yake. Marekani waliupiga marufuku kwa kumdaka anayeanguka tangu 1998, kwa sababu unamdaka mtu na kumvunja mgongo au kumpasua tumbo.

Siku ile tulisimamisha kazi. Kamba nene zilizungushwa kwenye kenchi zenyewe, zile zilizokwisha kuunganishwa pamoja pande zote, kabla mabati hayajazifunika, ncha zikaachwa nje kileleni. Kila fundi akafungwa kutoka juu yake kwa kamba fupi, isiyomfikisha ukingoni. Hili la kamba fupi wengi hawalijui. Kamba ya mita 2, ikiongezwa kile kifyonza kinapoachia na urefu wa mtu mwenyewe, inahitaji karibu mita 6 tupu chini yake. Nyumba zetu nyingi hazina nafasi hiyo, kwa hiyo kamba ndefu itanyooka ukiwa umeshafika chini. Na isipite juu ya ukingo wa bati bila kitu cha kuikinga, kwa maana ukingo wa bati ni wembe. Ngazi nayo isimame karibu, kwa sababu aliyening'inia asiachwe hewani, mikanda ya mapajani hubana damu. Kazi yote ile ilitupotezea nusu siku. Fundi mkuu alinung'unika mpaka saa nane, kisha akaacha kunung'unika, na wiki iliyofuata niliwasikia wakiulizana wenyewe: umefunga?

Nusu siku. Na sisi kwa msiba tunakaa siku tatu. Tunakodi turubai, viti na vipaza sauti, tunashona sare, tunaita mpiga picha wa video. Kamati ya msiba huu ilikusanya fedha kwa saa chache tu, kwa bidii ambayo sijaiona katika jambo lolote la walio hai mtaani kwetu. Hakuna aliyechanga kununua kamba. Tunajua kuchangia jeneza kuliko tunavyojua kuchangia uhai.

Jengo la ghorofa 16 lilipoporomoka mtaa wa Indira Gandhi mwezi Machi 2013 na kuua watu 36, nchi ilisimama. Lilipoanguka lile la Kariakoo Novemba 2024, nchi ilisimama tena, na haki yake. Lakini fundi wa paa anaanguka peke yake. Hakuna kamera wala tume, na waziri hafiki na koti la kuakisi mwanga. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, na inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Muulize mwenye nyumba, atakwambia yeye si mwajiri, alimpa kazi fundi mkuu. Muulize fundi mkuu, atakwambia naye ni kibarua kama wenzake. Mwajiri hapatikani, na mjane anaachiwa methali.

Basi mwenye nyumba unayesoma hapa, kabla hujatoa fedha ya mabati muulize fundi wako swali moja: mtafunga kamba wapi? Akikujibu ajali haina kinga, mtafute mwingine. Na ewe mchungaji, ewe shehe, utakapoitwa tena kumzika fundi, uliza kwanza swali hilo hilo kabla hujapanda mimbarini.

Jumatano nilipita pale kwenye nyumba ile ya jirani yangu. Paa limekwisha, mabati mekundu ya msauzi mpaka kileleni. Juu walikuwepo vijana wawili wakifunga gata, mmoja amevaa ndala. Hawakuwa na kamba.