Mtemi Aliyeuacha Uwaziri

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 ilipumzika Tabora, na huko ilitozwa hongo na watemi wa Unyanyembe. (Hongo ya siku zile ilikuwa ushuru wa njia, maana ya rushwa ilikuja baadaye.) Mmoja wa watemi hao aliitwa Fundikira. Karibu miaka mia moja baadaye jina hilo liliingia katika Baraza la Mawaziri la Tanganyika huru, na halikukaa humo muda mrefu.

Abdallah Said Fundikira alizaliwa mwaka 1921. Alisoma Tabora, katika shule ambayo Waingereza waliianzisha wakiwafikiria hasa watoto wa watawala wa jadi, kisha Makerere, na akawa afisa wa kilimo. Mwaka 1957 alikalia kiti cha utemi. Wakoloni walitegemea kwamba watu wa namna yake wangekuwa boma lao dhidi ya TANU. Walikosea. Mkutano wa TANU wa Januari 1958, uliofanyika hapo hapo Tabora, ulikubali kwa taabu uchaguzi wa kura tatu. Katika uchaguzi huo mtemi aliingia Baraza la Kutunga Sheria akiungwa mkono na TANU. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 alikuwa Waziri wa Sheria.

Mwaka 1963 alipoteza vyote viwili. Utemi ulifutwa kwa sheria. Uwaziri aliuacha mwenyewe, kwa kuwa hakukubaliana na mpango wa nchi kuwa na chama kimoja.

Wapo waliodai kwamba alikuwa akililia kiti cha mababu. Dai hilo ni jepesi mno. Mwenye kulilia kiti hakiachi cha pili alichokwisha kukikalia, chenye mshahara na bendera. Wala si haki kuwadharau waliompinga: taifa lilikuwa changa, hofu ya ukabila ilikuwa ya kweli, na umoja haukuwa neno la majukwaani tu. Lakini mwaka 1992, baada ya Tume ya Jaji Nyalali kushauri mfumo wa vyama vingi ingawa wengi wa waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, ni Chama chenyewe kilichofungua mlango ambao Fundikira hakutaka ufungwe.

Serikali haikumtupa. Aliwahi kuwa Mwenyekiti wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Vyama vingi viliporudi aliongoza UMD, chama ambacho hakikupata nguvu, na hatimaye akarejea CCM. Alifariki dunia Agosti 2007. Kurejea huko kumewafanya baadhi ya watu wamwone kigeugeu; wangefaa wakumbuke kwamba aliondoka mchana, akataja sababu, na hakukimbilia msituni wala ng'ambo.

Katika ofisi za umma bado wamo wanaoitikia kila jambo kikaoni, kisha wakalilaani kwenye varanda. Mtumishi wa namna hiyo humdanganya mkuu wake kila siku, naye huitwa mtiifu.

Darasani Tabora hutajwa kwa Mirambo, Livingstone na kura tatu, na Fundikira hubaki jina moja katika orodha ya mawaziri wa kwanza. Mwalimu anayesoma orodha hiyo awaeleze wanafunzi pia kwamba mtu huyu alijiuzulu, mwaka gani, na kwa hoja gani.