Wimbo wa Bure, Shilingi Mia

Kuna neno moja limezoeleka mno vijiweni, na mimi nimechoka kulisikia. Neno lenyewe ni "bure". Muulize kijana yeyote hapa Kisesa, kwa nini hununui wimbo? Atakucheka mpaka akae chini. Anunue wimbo, kwani yeye mgonjwa? Nyimbo si zipo mtandaoni, unashusha unaondoka zako! Nami nasema hivi, ndugu wasomaji: hakuna wimbo hata mmoja uliowahi kufika Kisesa bure. Kila mmoja umelipiwa, tena taslimu. Ubishi wangu na washikaji si kwamba hatulipi. Tunalipa sana. Tunamlipa kila mtu isipokuwa yule aliyeimba.

Tuanzie vibandani. Ukishuka daladala, kabla hujafika sokoni, utakuta vibanda vyenye spika mlangoni na kompyuta moja kuukuu ndani. Wenyewe tunaviita laibrari, ingawa humo hakuna kitabu hata cha kuwashia jiko. Unampa jamaa memori kadi, unamtajia nyimbo unazotaka, anakurushia. Wimbo mmoja shilingi 100. Ukitaka kadi nzima ijae, Bongo Fleva, singeli, kwaya na za Kisukuma humohumo, unatoa 1,000. Jumamosi moja nilikaa kwenye benchi la kibanda kimojawapo na daftari langu (mwandishi asiye na daftari ni mpiga soga tu) nikahesabu. Toka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni walikuja wateja 23. Kati yao 14 walijaziwa kadi, na wale 9 waliobaki walichagua nyimbo mojamoja, jumla nyimbo 31. Piga hesabu mwenyewe: 14,000 na 3,100, unapata 17,100. Hiyo ndiyo bure yenyewe.

Haya, fuata ile hela inakokwenda. Kuna mwenye fremu anayesubiri kodi yake. Kuna LUKU. Kuna kampuni ya simu iliyouza bando. Na wimbo una MB nne au tano tu, ukishashushwa mara moja unauzwa mara mia. Kuna mtoza ushuru. Kinachobaki ni cha jamaa wa kibanda, na wala simwonei wivu, ana mtoto anayetaka uji. Hata yule mjanja anayejigamba kwamba yeye anashusha mwenyewe kwenye simu yake, hapiti kibandani, naye kalipa: bando hapewi kwa sababu ya uzuri wa sura. Na blogu anakoshusha imejaa matangazo, maana yake mwenye blogu naye anakula. Katika msafara wote huo mwimbaji yuko wapi? Hayupo. Kaachwa kituoni.

Mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipotangazwa? Nchi nzima iliwaka. Mitandaoni, vijiweni, kwenye mabasi, kila mtu alipiga kelele, na serikali ikasitisha zile bei. Safi kabisa. Tulionyesha kwamba tukiguswa tunajua kusema. Ila sijapata kusikia hata robo ya kelele zile ikipigwa kwa ajili ya aliyetunga kile tunachokishusha kwa hilo bando. Bando bila wimbo ni nini, jamani? Ni hewa!

Nina rafiki yangu hapahapa, jina namhifadhia, anachana. Alibeba magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba miezi kadhaa mpaka akapata shilingi 70,000 za studio. Wimbo ukatoka, wimbo mkali kwelikweli. Ikabidi atafute 20,000 nyingine ampe mwenye blogu ili auweke. Hapo msomaji rudia kusoma, usidhani nimekosea. Mwimbaji ndiye aliyemlipa mwenye blogu, ili mwenye blogu augawe wimbo bure, ili matangazo ya mwenye blogu yaonekane. Sijui kama iko biashara nyingine duniani ambapo mkulima anamlipa dalali achukue mahindi. Basi wimbo ukaenea. Bajaji za kwenda Igoma zikaupiga, mabinti wakaujua kwa moyo. Rafiki yangu akapata pongezi, na pongezi huwezi kuipeleka kwa mama muuza ukapewa ugali. Hivi ninavyoandika, bado yuko Mwaloni. Wabeba magunia wenzake wanaucheza wimbo wake kwenye simu huku yeye ana gunia kichwani.

Washikaji wanayo hoja yao moja, wanaitoa kama turufu: "Ah, msanii anafaidika kwenye shoo." Shoo gani? Shoo anaitwa mwenye jina, na mwenye jina ni yule aliyekuwa na mtaji wa kulitengeneza. Kisesa shoo ya kulipwa inakuja wakati wa kampeni za uchaguzi, yaani mara moja kila miaka mitano, na hapo unaimba watakayokuambia uimbe. Halafu fikirini, hoja hii inasema nini hasa? Inasema mtu afanye kazi ya kwanza bure ili aje kulipwa kwa kazi ya pili. Fundi seremala ukimwambia atengeneze kitanda bure kwa sababu siku moja anaweza kuitwa kufundisha useremala, atakufukuza na randa mkononi.

Na wanaotuambia kwamba kumlipa mwimbaji ni mambo ya Wazungu, hayajatufaa Waafrika, ningewaomba wapande mpaka Bujora. Si mbali, ni mwendo wa miguu. Pale ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma iliyoanzishwa na Padri David Clement miaka ya 1950, na ndipo kila Juni inapofanyika Bulabo. Wazee wetu waligawanyika katika vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wakifuata magwiji wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na hakuna jaji mwenye miwani: anayewavuta watu wengi ndiye mshindi. Manju akikukuna unatoka mbele ya watu unamtuza. Hela inatoka mkononi mwako inaingia mkononi mwake, hakuna kibanda katikati. Babu zetu hawakusoma sheria yoyote ya hakimiliki, lakini walikuwa wanajua kwamba sauti iliyokupandisha nywele ina mwenyewe, na mwenyewe yuko pale mbele yako anatoka jasho. Sisi wajukuu wenye simu za mguso ndio tumesahau.

Tena tusiisingizie intaneti dhambi zote. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi zilirekodiwa studio, nyimbo zikapigwa nchi nzima asubuhi mpaka usiku, na wanamuziki wengi wa enzi ile wamelalamika hadharani kwamba walizeeka na umaarufu bila kitu mfukoni. Zikaja kanda, nazo zikadurufiwa. Zikaja CD, zikachomwa. Mwaka 2013 serikali ikaleta stempu za kodi za kubandika kwenye kasha, na wajanja wakahamia kwenye flashi, ambako hakuna pa kubandika stempu. Kila mtambo mpya unapoingia nchini, wa kwanza kuujua ni muuzaji, wa pili mnunuzi, na wa mwisho kuja kuulizwa ni mtunzi.

Sheria ipo, tusidanganyane. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ulinzi mtamu huo! Shida ni hiyo sehemu ya kwanza, ya kuwa hai. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Ni hatua, nami naipigia makofi, maana kwa miaka mingi neno mirabaha lilikuwa la kusikia tu. Ila ukizigawa sawasawa, kila mmoja anapata kama 278,000. Na ilikuwa kwa kazi zilizochezwa kwenye vyombo vya utangazaji. Ule wimbo uliorushwa kibandani Kisesa hakuna aliyeuhesabu ila mimi na daftari langu. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe AY na Mwana FA shilingi bilioni 2.18 kwa nyimbo zao mbili zilizotumika kama miito ya simu. Kesi ikapanda ngazi za rufaa. Lakini angalieni walimshitaki nani. Hawakumshitaki kijana mwenye memori kadi. Walikwenda pale penye hela. Hapo ndipo ninapotofautiana na mastaa wanaotuhubiria redioni "nunueni kazi halali" kama vile sisi makabwela ndio tumelikalia sanduku.

Kwa sababu, tuseme ukweli, kununua kwenyewe ni kazi. Apple walipofungua duka lao la nyimbo huko Marekani mwaka 2003 walipanga senti 99 kwa wimbo, na watu waliozoea kupora wakaanza kununua, kwa kuwa ilikuwa rahisi: unabonyeza, basi. Spotify ilifika Tanzania Februari 2021, lakini msichana anayeuza nyanya Kisesa atailipia kwa kadi ya benki ipi? Yeye benki yake ni simu, na tangu M-Pesa ianze hapa nchini mwaka 2008 amekuwa akitumia simu kulipa karo na kununua mbolea. WCB ya Diamond walijaribu mwaka 2017 kwa kufungua Wasafi.com wauze nyimbo wenyewe. Wazo zuri. Halafu Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, ikapunguzwa baada ya watu kulalamika, lakini hata bila tozo, ada ya kutuma hela ndogo inauma. Bei ya wimbo ni ya pipi na nauli ya kuipeleka hela ni ya daladala.

Wakati sisi tunahangaika, wengine wameshaiona fursa. Boomplay inakuja imeshapachikwa ndani ya simu za Tecno. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, inagawa nyimbo bure zikiwa na tangazo, na Septemba 2020 hisa zake ziliingia kwenye soko la hisa la Copenhagen. Sisemi ni wezi, hawa angalau wana mkataba na msanii. Nasema tu: wako watu Denmark walioamini kwamba "bure" yetu ina faida, wakatoa hela yao. Sisi wenye nyimbo bado tunasema haina thamani!

Sasa niwageukie waandishi wenzangu, maana gazeti hili ni letu na najua mnasoma huku mkisema hayo ya muziki hayatuhusu. Yanatuhusu mno. Riwaya zinapigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kurushwa WhatsApp, na anayerusha anaandika chini "usikose, share kwa wengine" kana kwamba anatoa sadaka ya jasho lake. Mimi nina muswada wa kurasa 212 chini ya godoro, umeandikwa kwa mkono. Wapo kati yetu wanaouza hadithi zao sehemu kwa sehemu, unatuma 1,000 unapata iliyobaki, na kabla jua halijazama mnunuzi mmoja kaishawapa watu 60. Kisha huyohuyo mwandishi aliyelia kwa kuibiwa anakuja kijiweni na simu iliyojaa nyimbo za bure. Tutamwambia nini msomaji wetu kesho?

Ninachotaka si polisi wa kuvunja vibanda. Ukivunja kibanda umemnyima mtoto uji na msanii hajapata kitu. Mwaka 2018 serikali ilileta vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na ikawezekana kuwafikia machinga mpaka vijijini. Basi na laibrari zipewe leseni ya namna hiyo, jamaa alipie kwa mwaka, abandike mlangoni, aandike nyimbo anazorusha, na hela ile iende kwa waimbaji kulingana na orodha, wa Kisesa wakiwemo. Nyanya za fungu zinatozwa ushuru sokoni kila siku ya Mungu, mtoza ushuru hakosi hata mvua ikinyesha. Kama tumeweza kuhesabu mafungu ya nyanya, nyimbo zinatushinda nini? Jamaa wa kibanda nilimuuliza. Alisema angelipa, mradi na wa kibanda cha pili alipe.

Mwenye hoja ya kupinga aandike, kurasa zipo na mhariri hana ubaguzi. Ila asije na ile ya shoo.