Eti Tovuti Ndogo Haionekani

Alfajiri moja ya Agosti 2025, saa kumi na moja, nilipigiwa simu na mama mmoja wa Pangani, katibu wa kikundi cha wanawake wanaovua pweza. Nikamwamkia. Akaitikia haraka haraka, kisha akasema, “Mwanangu, kalenda yako haifunguki. Leo bamvua, na mwenye gari la barafu anataka kujua aje saa ngapi. Mimi maji nayajua kwa kuutazama mwezi, lakini yeye anataka saa na dakika.”

Kalenda yenyewe ni tovuti ndogo sana. Inaonyesha saa za maji kujaa na kupwa katika bandari 6, kuanzia Tanga hadi Mtwara, nami nailipia kifurushi cha bei ya chini kabisa. Nilipoianzisha, wenzangu wa kompyuta waliniambia neno ambalo nimelisikia mara nyingi mno tangu hapo: usijisumbue na ulinzi, katovuti kama hako nani atakaona? Imani hiyo ni ya uongo, na inawaponza watu wasio na fedha za kulipia hasara yake.

Nilifungua kumbukumbu za seva kabla hata sijanawa uso. Mstari baada ya mstari, roboti ilikuwa inaomba maji ya Kilwa, Machi 2611. Kisha Aprili 2611. Kisha Mei. Chini ya kila ukurasa wa kalenda niliweka kiungo cha “mwezi ujao”. Binadamu hukibofya mara moja au mbili. Roboti hukifuata mpaka kiishe, nacho hakikuwa na mwisho. Miezi zaidi ya 7,000, mara bandari 6, ni kurasa zaidi ya 42,000, na kila mmoja seva ilibidi iukokotoe upya. Mama wa Pangani alikuwa nyuma ya foleni hiyo, akiusubiri ukurasa wa leo tu.

Wanaosema tovuti ndogo haionekani wanadhani kwamba ili uvamiwe lazima kwanza mtu akujue. Roboti haihitaji kukujua. Tangu mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipotoa programu yao ya ZMap, imewezekana kwa kompyuta moja yenye intaneti ya kasi kuzipitia anwani zote za umma za IPv4 kwa chini ya dakika 45. Hizo ni anwani za dunia nzima, na yako imo. Tena siku hizi hata kukupapasa gizani hakuna haja. Ukichukua cheti cha usalama ili tovuti yako ifunguke kwa https, jina lake huandikwa katika madaftari ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma. Tangu 2018 kivinjari cha Chrome kinadai hivyo kwa vyeti vipya. Mimi nilipochukua cheti changu, hata kabla sijampa mtu anwani ya kalenda, tayari kulikuwa na roboti zinazoulizia ukurasa wa kuingilia wa WordPress, programu ambayo sijawahi kuitumia. Nyingine zilitafuta faili la .env, ambamo waandishi wa programu huhifadhi nywila. Kwa hiyo ulipofungua mlango, mbiu ilikwishapigwa. Hukujificha hata siku moja.

Na udogo huo unaosifiwa ndio unaoumiza. Wikimedia, wenye Wikipedia, walieleza mwaka 2025 kwamba roboti zilileta takriban asilimia 35 ya kurasa zinazotazamwa, lakini zilichangia asilimia 65 ya maombi yaliyowagharimu zaidi. Sababu inaeleweka. Watu hujazana kwenye kurasa zile zile, ambazo tayari zimewekwa nakala karibu na msomaji; roboti huchambua hata ule ukurasa ambao haujafunguliwa kwa miaka, na huo lazima ukaletwe kutoka ndani kabisa. Mwaka 2024 Read the Docs, wanaohifadhi miongozo ya programu huria, walisema roboti moja ilipakua terabaiti 73 kwa mwezi mmoja, na gharama ikapita dola 5,000. Hao angalau wana wahandisi wa kuamka usiku. Mwenye duka la vitenge aliyetengenezewa tovuti na mpwa wake atamwamsha nani?

Basi utaambiwa: weka robots.txt. Weka, sikukatazi. Lakini jua ni kitu gani. Martijn Koster alipoupendekeza utaratibu huo mwaka 1994, ulikuwa ombi la kiungwana kati ya watu waliokuwa wanaweza kuandikiana. Ulipofanywa kuwa kiwango rasmi mwaka 2022, waraka wenyewe ulitamka wazi kwamba kanuni hizo si njia ya kuidhinisha nani aingie. Ni kibao cha “Hodi kwanza”. Mwenye adabu atakisoma, na asiye nayo atabadilisha jina, ajiite Chrome, aje kwa anwani mia tofauti.

Kilichonikera kuliko roboti ni jibu la kampuni inayonihifadhia tovuti. Kijana wa huduma kwa wateja aliniambia, “Hongera bosi, tovuti yako inapendwa, sasa panda kifurushi.” Aliona mchoro unapanda akadhani ni watu. Hakufungua hata mstari mmoja kuona kinachoombwa ni nini. Ningemsikiliza, ningekuwa nalipa kila mwezi ili mashine isome maji ya karne ya 27.

Sisemi roboti zote zifungiwe nje. Nyingine ndizo zinazomletea msomaji ukurasa wako anapotafuta. Googlebot ya kweli unaweza kuihakiki kwa kurudisha anwani yake kwenye jina, kisha jina hilo kwenye anwani, na vikilingana, iache ipite. Ninachodai ni kwamba anayemtengenezea mtu tovuti ndogo aweke mipaka siku ile ile ya kwanza, jinsi anavyoweka nywila. Kwangu kazi ilichukua jioni moja: kalenda sasa inaishia miaka 2 mbele, kurasa zake zimekokotolewa mapema na kuhifadhiwa, na anwani inayoomba kupita kiasi inajibiwa 429, yaani umezidisha, subiri.

Asubuhi ile nilimsomea mama wa Pangani saa za maji kwa simu, kutoka kwenye jedwali lililokuwa kwenye kompyuta yangu. Akazirudia kwa sauti, mtu wa pembeni yake akaziandika. Bamvua iliyofuata hakunipigia. Nilipozitazama kumbukumbu za siku hiyo, Pangani ilikuwa imefunguliwa saa kumi na dakika arobaini alfajiri, mara moja, kwa simu.