Mwenye Kuuguza Naye ni Mfanya Kazi



Mwenzetu mmoja wa hapa Hola amekatwa mshahara wa siku 4. Kosa lake ni kumpeleka Mombasa nduguye mwenye ugonjwa wa akili. Njia ni Garsen, Malindi, kisha Mombasa, zaidi ya kilomita 250, na mgonjwa hataki kukaa garini. Siku hizo hazikuwa za matembezi.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara akiugua yeye mwenyewe. Akiugua mama yake mzee, hana hata moja. Hula likizo yake ya siku 21, na ikiisha hukatwa. Mzee wa miaka 70 aliyeandikishwa Inua Jamii hupewa na Serikali Sh. 2,000 kwa mwezi. Twashukuru, lakini fedha hazimgeuzi mzee kitandani usiku. Amgeuzaye ni mke wa mfanya kazi, au binti aliyeachishwa shule.

Tusifichane: katika nchi yetu wako wagonjwa wafungwao kamba nyumbani, mara nyingi kwa kuwa wenyewe wamekwenda kazini. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 yazitwika kaunti wajibu wa kutibu maradhi haya katika hospitali zao. Basi dawa na ipatikane Hola.

Katika mapatano yajayo na waajiri tutadai siku 10 za kuuguza kila mwaka, zenye mshahara. Mwenye mgonjwa nyumbani na aje ofisini kuandikisha jina kabla ya mkutano. Hatutalisoma mbele ya watu.